Madawati 12 kwa siku: kazi inakwama wapi?

Mwenye karakana akipata oda kubwa ya madawati, kwanza huongeza vibarua, kisha huanza kuwafokea. Vyote viwili havizai dawati hata moja la ziada kama kazi imekwama kwenye meza ya kuchomelea. Ukipita kwenye karakana za hapa Tanga, za Ngamiani au za kule Pongwe, dalili unaiona kabla hata hujasalimia: upande mmoja rundo la paipu zilizokwisha kukatwa, upande wa pili maseremala wamekaa juu ya mbao wakisubiri fremu, na katikati fundi wa kuchomelea jasho linamtoka, tepu mkononi, anapima.

Nachukua dawati la shule ya msingi la watoto wawili. Fremu ni ya paipu za mraba za milimita 25 zenye unene wa milimita 1.5, meza na kiti ni mbao. Ni kitu cha kawaida kabisa, lakini kina kukata, kuchomelea, rangi, useremala na kufunga bolti, kwa hiyo karibu kila ugonjwa wa kiwanda utauona ndani yake.

Tuseme oda ni madawati 300 na siku za kazi ni 25. Hayo ni madawati 12 kwa siku. Kazi inaanza saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Toa saa moja ya chakula, toa nusu saa ya chai na kufagia, zinabaki dakika 450. Gawa kwa 12. Kila dakika 37 na nusu lazima dawati moja litoke mlangoni. Namba hiyo iandike ukutani kwa chaki, kila mtu aione, maana ndiyo itakayosema nani anadaiwa na nani hadaiwi.

Halafu pima kila kituo, yaani kila hatua ya kazi. Simu yoyote ina saa ya kupimia. Simama na fundi kwa vipande visivyopungua 10, kwa sababu kipande kimoja kitakudanganya: au rodi ya kuchomelea ilikuwa mbovu, au alipigiwa simu. Mwambie mapema kwamba unapima kazi, humpimi yeye. Fundi asiyejua unatafuta nini atakimbia mbele yako, na ukiondoka mwendo unarudi palepale. Kwenye karatasi weka safu nne: anachomelea, anapima, anatafuta, anasubiri. Safu ya kwanza tu ndiyo inayolipwa na mteja.

Chukua mfano wa karakana yenye fundi mmoja wa kuchomelea ambayo vipimo vyake vimetoka hivi kwa kila dawati: kukata dakika 14, kuchomelea 52, kusafisha kwa grenda 16, rangi 12 bila kuhesabu kukauka, mbao 33, kufunga 21. Dakika 450 ukizigawa kwa 52 unapata fremu 8 na kipande. Karakana hiyo hata iwe na watu 20, madawati yatatoka 8. Ukimwongezea mkataji msaidizi, rundo la paipu litakua tu. Ukimwongezea seremala, atakaa pale pale walipokaa wenzake.

Sasa fungua zile dakika 52. Kuchomelea kwenyewe 24. Kupima na kusawazisha pembe 17. Kutafuta nyundo, rodi, skwea, 6. Kusubiri msaidizi aje kushika upande wa pili, 5. Fundi hana uvivu wowote. Chini ya nusu ya muda wake ndiyo inayokwenda kwenye moto. Watu wengi hapa wangenunua mashine ya pili na kutafuta fundi wa pili. Mimi ningetengeneza jigi kwanza, kwa vipande vilivyolala kwenye kona ya karakana.

Jigi ya dawati ni meza ya chuma yenye vizuizi vinavyokaa mahali pamoja, ili paipu ziingie na kukaa zenyewe bila tepu. Bamba la juu liwe la milimita 6 au zaidi, kimo cha meza kama sentimita 90 fundi asipinde mgongo. Vizuizi vikate kutoka kwenye chuma cha pembe cha milimita 40, urefu wa sentimita 6 kila kimoja, viwili kwa kila paipu. Na hapa ndipo jigi nyingi zinapoharibika siku ya kwanza: vizuizi vyote viwekwe nje ya fremu, kisiwepo hata kimoja ndani. Chuma kilichochomelewa kikipoa kinasinyaa. Kama kuna kizuizi ndani, fremu itakikumbatia na utaitoa kwa nyundo, na fremu iliyotolewa kwa nyundo haina tena pembe mraba. Upande mmoja uwe na vizuizi vya kudumu, upande wa pili ubanwe kwa kabari. Ukimaliza kushikiza, gonga kabari, fremu inatoka kwa mkono.

Acha nafasi ya milimita 30 hivi kila kona bila bamba chini yake. Usipoacha, moto utashikisha fremu na jigi kuwa kitu kimoja, na cheche zilizoganda zitainua paipu milimita moja, mbili, hadi kila fremu iwe na kona iliyonyanyuka.

Ndani ya jigi fundi anapiga nukta tu za kushikiza, kila kiungo nukta mbili. Kuchomelea kwenyewe kufanyike nje ya jigi, na kwa kurukaruka: kona hii, kisha ile iliyo mkabala wake kwa ulalo, usizunguke kwa mfululizo. Ukizunguka, joto linavuta upande mmoja na fremu inageuka kama ubao uliopigwa na jua. Wakati fremu ya kwanza inachomelewa, msaidizi anapanga paipu za pili kwenye jigi. Hapo ndipo zile dakika 5 za kusubiri zinapopungua.

Kosa jingine ambalo bosi haliamini hadi alione: kutengeneza miguu miwili ya kulia. Ubavu wa kushoto na wa kulia wa dawati unafanana, tofauti ni masikio, vile vibamba vya kufungia mbao, ambayo lazima yaangalie ndani. Fundi aliyechoka saa 10 jioni anachomelea masikio upande usio wake na haoni mpaka siku ya kufunga. Usimwekee bango la kumwonya. Gawa jigi sehemu mbili, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, kila nusu ina pini mahali pa masikio, na jozi haiondolewi mpaka zote mbili zimekamilika. Jigi ya pili, ya kusimama, ndiyo inayounganisha hizo mbavu mbili kwa paipu tatu za milimita 1,050.

Ukaguzi wa pembe mraba ni rahisi kuliko skwea yoyote: pima ulalo, kutoka kona hadi kona ya mkabala. Mstatili wa kubebea meza wa milimita 1,050 kwa 400 una ulalo wa 1,124 kasoro kidogo. Ulalo wa kwanza na wa pili visitofautiane zaidi ya milimita 2. Halafu weka fremu juu ya bamba lililonyooka, sukuma kipande cha chuma cha milimita 2 chini ya kila mguu. Kikipita popote, dawati litacheza darasani na mwalimu atalikunjia karatasi chini ya mguu mpaka mwisho wa mwaka. Kagua fremu ya kwanza ya asubuhi, moja ya katikati na ya mwisho. Na jigi yenyewe ipimwe kila wiki, kwa maana vizuizi vinagongwa na kupinda, na jigi iliyopinda haikosei mara moja, inakosea mara zote.

Kwa rodi, paipu ya unene wa 1.5 inakubali rodi ya milimita 2.5 kwa ampea 60 hadi 80. Wauzaji wengine wanakupa paipu ya 1.2 kwa bei ya 1.5, kwa hiyo pima unene kwa kalipa (kipimo cha taya) dukani. Hiyo nyembamba itatoboka kwa mpangilio huohuo, na inahitaji rodi ya 2.0 kwenye ampea 45 hadi 60. Rodi zinywazo unyevu wa pwani huruka cheche na kuacha matundu. Paketi ikifunguliwa, zilizobaki zihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na zilizokwisha kulowana zikaushwe kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa moja. Waya wa umeme nao usisahaulike. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 ukivutwa mita 30 kwa mzigo wa ampea 20 unapoteza volti 14 hadi 15 njiani. Wa 4 unapoteza 5 hadi 6. Jioni volti zikiwa zimeshuka zenyewe, tofauti hiyo ndiyo inayofanya rodi iwe inaganda na fundi alaumiwe.

Mwishoni zile dakika 52 zinakuwa hivi: kuchomelea 24 zilezile, kupanga kwenye jigi 4, kutafuta 2 kwa kuwa sasa nyundo na rodi zina mahali pake mkono unapofika, kusubiri 3. Jumla 33. Hiyo ni chini ya 37 na nusu, bila mashine mpya. Mabango ya 5S, ule utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi, nayaona kwenye kuta nyingi, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, na karakana nyingi zinaishia kwenye la tatu siku mgeni anapokuja. Ukweli, yale mawili ya kwanza ndiyo yaliyotoa dakika 4 hapa juu.

Kukata kunachukua muda mfupi, ila ndiko fedha inakovuja. Usikate kwa tepu. Funga kizuizi kwenye mashine ya kukatia, kata urefu mmoja wote wa siku hiyo, kisha hamisha kizuizi. Kumbuka disiki inakula milimita 3 kila pigo. Paipu ya mita 5.8 ikikatwa vipande vitano vya 1,050 inaacha milimita 535. Anayekata dawati moja moja anakitupa kipande hicho kwenye rundo, anayekata kwa karatasi ya mpango wa kukata anatoa humo kipande cha 400 na kubakiwa na sentimita 13. Vipande vya 800 vinatoka saba kwenye paipu moja, vya 700 vinatoka vinane, na masalia hayafiki sentimita 18. Karatasi hiyo inaandikwa mara moja kwa oda nzima na kubandikwa kwenye mashine. Pima urefu wa paipu pia, kwa sababu zipo za mita 5.8 na zipo za mita 6, na hesabu haikubaliani.

Kituo cha kukata kinabakiwa na dakika 23 hivi za bure kila dawati, na kishawishi ni kukata tu bila kusimama. Taiichi Ohno wa Toyota aliorodhesha aina 7 za upotevu, na kuzalisha kupita mahitaji aliuhesabu kuwa mbaya kuliko zote. Hapa Tanga sababu iko hewani kabisa: chuma kisichopakwa kikilala usiku mmoja karibu na bahari, asubuhi kina vumbi jekundu. Fremu 15 zinazosubiri rangi ni fremu 15 za kupigwa msasa tena. Kwa hiyo weka mipaka. Chora mistari sakafuni, nafasi nne tu kati ya kuchomelea na rangi. Nafasi zikijaa, fundi aache kuchomelea aende kusaidia grenda. Mwanzoni mafundi watanung'unika kwamba wanazuiwa kufanya kazi.

Rangi yenyewe inashindwa kwa mambo matatu. Paipu mpya ina mafuta ya kiwandani, na usipoifuta kwa kitambaa chenye thina rangi itabanduka kama ganda. Ganda la kuchomelea lisipogongwa na kusuguliwa, kutu inaanzia chini yake. Na unyevu: chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo hewa huanza kutoa matone), na hewa ikizidi unyevu wa asilimia 85 acha. Wakati wa masika hii inamaanisha asubuhi hupaki, unasubiri jua lipande. Rangi ya awali, ile redi oksaidi, ipakwe siku ileile fremu ilipochomelewa.

Halafu kuna upepo. Ukimpa mpakaji rangi kona upande wa kaskazini mashariki wa sehemu ya kupiga msasa mbao, Februari kaskazi inavuma na vumbi linakwenda mbali naye. Ikifika Julai, kusi inamletea unga wote juu ya rangi mbichi, na utatafuta kosa kwenye kopo la rangi. Weka turubai la kuhamishika, au panga msasa asubuhi na rangi mchana.

Mbao zetu nyingi zinashuka kutoka milimani, misindano ya Shume kule Lushoto, na ukiwa na mteja mwenye uwezo, misaji ya Longuza, Muheza. Tatizo ni kwamba zinashuka mbichi na zinaingia kwenye dawati wiki ileile. Ubao wa milimita 200 ukikauka kutoka unyevu wa asilimia 25 hadi 14 unapungua upana milimita 3 hadi 5, kutegemea ulivyopasuliwa. Ukiwa umebanwa kwa bolti mbili pembeni, hauna pa kwenda: unapasuka katikati. Zipange kivulini, kati ya kila tabaka weka vijiti vya milimita 25 kila baada ya sentimita 50, vijiti vikae mstari mmoja juu ya mwingine, paka rangi ncha za mbao zisikauke haraka na kupasuka. Ubao wa inchi moja unahitaji wiki kadhaa, kwa hiyo agiza mbao siku unayosaini mkataba. Ukisubiri fremu zianze kutoka ndipo uagize, umechelewa.

Mita ya unyevu huna? Kata kipande katikati ya ubao, mbali na ncha, pima kwa mizani ya gramu, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usibadilike. Kilichokuwa gramu 250 kikaishia 215 kimepoteza 35. Gawa 35 kwa 215, ni asilimia 16. Kwa Tanga hiyo unaweza kuanza nayo kazi. Asilimia 25 rudisha kwenye rundo.

Hata ubao mkavu unacheza kati ya masika na kiangazi, kwa hiyo masikio ya fremu yatobolewe matundu marefu, milimita 7 kwa 14, yakielekea upana wa ubao. Masikio yawe ya flati baa ya milimita 3. Ubao wa 22 baada ya randa, sikio 3, washa na nati vinafika milimita 32 hivi, kwa hiyo bolti ya M6 yenye urefu wa 40 inatosha. Anayetoboa paipu nzima kupitisha bolti ananunua ya 60 na paipu inabonyea akikaza. Bolti ziwe na washa pana juu ya mbao na nati zenye plastiki ndani, la sivyo baada ya miezi michache wanafunzi watakuwa wanachezea nati mfukoni. Kila dawati lifungiwe bolti zake kwenye mfuko mmoja, zimehesabiwa. Mfuko ukibaki na bolti moja, dawati hilo lina tundu tupu mahali, na unalijua kabla halijapanda gari.

Umeme ukikatika, karakana isiyojipanga inalala. Iliyojipanga ina kazi za mikono zilizotengwa: kufunga, msasa wa mkono, rangi ya brashi, kuhesabu mifuko ya bolti. Kwa hiyo akiba ndogo ya fremu zilizokwisha kupakwa, 6 au 8, inaruhusiwa mbele ya kituo cha kufunga. Fremu tupu zisizopakwa zisiwekwe akiba.

Karatasi ya makosa ibandikwe pale pa kufunga, kwa kuwa hapo ndipo kila kosa linapojitokeza: pembe si mraba, sikio upande mbaya, tundu halikutani, rangi imebanduka, ubao umepasuka. Mfungaji anaweka mstari mmoja kwa kila tukio, bila jina la mtu. Jina likiingia, mistari inatoweka na makosa yanabaki. Baada ya wiki moja utaona safu moja au mbili zimebeba karibu mistari yote. Shughulika na hizo, nyingine zisubiri.

Malipo ya kipande nayo yana neno lake. Ukilipa kwa kila fremu iliyochomelewa, utapata fremu nyingi. Lipa kwa fremu iliyopita kipimo cha ulalo na kipimo cha miguu kwenye bamba, na saa ambazo fundi anatengeneza au anapima jigi zilipwe kama siku ya kawaida, maana vinginevyo hataigusa hata ikipinda mbele ya macho yake.

Sasa angalia tena zile namba. Kuchomelea 33, mbao 33. Fremu moja kati ya 10 ikirudi na kula dakika 25 za kurekebisha, fundi amefika 35 na nusu, bado yumo. Seremala akirudishiwa ubao mmoja kwa kila dawati la tano, na kuukata upya ni dakika 25, amegonga 38 na siku haitoshi tena. Wiki ijayo saa ya kupimia ihamie kwenye randa.